Nani Aseme Sasa? Zamu za Kuongea kwenye Waya Mmoja wa Kiwandani

Inua macho kwenye trei za nyaya zinazopita juu ya mitambo ya kiwanda cha saruji, cha bia au cha kusafisha maji, na kati ya kebo nyeusi na za kijivu huenda ukaiona moja ya rangi ya zambarau. Unene wake ni kama milimita 8. Ndani mna nyaya mbili zilizosokotwa pamoja, mmoja wa kijani na mwingine mwekundu, zikiwa zimevishwa wavu wa chuma wa kuzuia kelele za umeme. Hiyo ni kebo ya PROFIBUS. Katika nyaya hizo mbili hupita uzito wa malighafi, joto la tanuri, kasi ya mota za mikanda, hali ya vali, pamoja na amri zinazotoka kwenye kompyuta ya kudhibiti mitambo, ambayo mafundi wote huiita PLC.

Vifaa ni vingi, njia ni moja, na umeme hauna adabu. Vifaa viwili vikituma kwa pamoja, kimoja huvuta volteji juu na kingine huivuta chini, na kinachobaki kwenye waya si ujumbe wa huyu wala wa yule. Kwa hiyo waliobuni mitandao hii, inayojulikana kwa jumla kama fildibasi, walilazimika kuanza na swali moja: nani aseme sasa? Wamelijibu kwa namna nyingi. Mimi nimezifuatilia namna hizo kwa sababu nadhani zinaonyesha jambo ambalo vitabu vya mafunzo hulipita haraka: anayegawa zamu ndiye pia anayeamua kiwanda kitaharibika vipi siku mambo yakienda kombo.

Zamani swali lenyewe halikuwapo. Kila kifaa kilikuwa na jozi yake ya nyaya hadi chumba cha udhibiti, na kipimo kilisafiri kama mkondo wa umeme kati ya miliampia 4 na 20. Tangi tupu ni 4, tangi lililojaa ni 20. Kuanzia 4 badala ya 0 kulikuwa na akili ndani yake: waya ukikatika mkondo unashuka hadi 0, na mwendeshaji anajua papo hapo kwamba tatizo liko kwenye waya, tangi halina neno. Utaratibu huo bado unafanya kazi duniani kote na sidhani utakufa karibuni. Ubaya wake ni shaba. Kiwanda chenye vipimo elfu mbili kinataka jozi elfu mbili, trei za kuzibeba, na fundi wa kuziunganisha moja baada ya moja bila kukosea.

Maofisini, watu waliokuwa na shida kama hiyo ya njia moja waliitatua kwa bahati nasibu. Mwaka 1971 Norman Abramson na wenzake wa Chuo Kikuu cha Hawaii walianzisha mtandao wa redio ulioitwa ALOHA: tuma unapotaka, usipopata jibu subiri kwa muda wa kubahatisha kisha tuma tena. Mwaka 1973 Robert Metcalfe, akiwa Xerox huko California, alilichukua wazo hilo akalihamishia kwenye kebo na kuliita Ethernet. Kifaa kinasikiliza kwanza. Kukiwa kimya kinatuma. Kikigongana na mwingine wote wawili wanaacha, kila mmoja anasubiri muda wake wa kubahatisha, na kila mgongano mpya unaongeza upana wa bahati nasibu hiyo. Baada ya jaribio la 16 ujumbe unatupwa.

Kwa barua na nyaraka hiyo ni njia nzuri kabisa. Kwa vali inayopaswa kufunga chupa ikijaa, ni balaa. Mhandisi wa mitambo haulizi ujumbe hufika kwa wastani wa muda gani. Anauliza ukichelewa kupita kiasi utachelewa mpaka lini. Bahati nasibu haina jibu la swali hilo, na ndiyo maana viwanda vilitafuta njia zao.

Njia ya kwanza kuenea ilikuwa rahisi kuliko zote. Mwaka 1979 kampuni ya Kimarekani ya Modicon ilitoa itifaki iitwayo Modbus. Kwenye waya kuna mkuu mmoja, na wengine wote ni watumishi wenye anwani kuanzia 1 hadi 247. Mtumishi hasemi neno mpaka aitwe. Ni kama mwenyekiti wa kikao cha harusi anayesoma orodha ya ahadi: anataja jina, anapata jibu, anakwenda kwa anayefuata, na mwenye la kusema atangoja jina lake. Hakuna mgongano kwa sababu hakuna anayejitokeza mwenyewe.

Tuipigie hesabu. Katika kasi ya biti 9,600 kwa sekunde, ambayo bado ni ya kawaida, kila baiti huchukua karibu milisekunde 1.15. Swali la kusoma namba kumi kutoka kwenye kifaa lina baiti 8, na jibu lake lina 25. Kabla ya kila ujumbe lazima pawe na kimya cha muda wa baiti tatu na nusu, maana kimya hicho ndicho kinachowaambia wote kwamba ujumbe mpya unaanza. Ukijumlisha, kifaa kimoja kinakula kama milisekunde 46, na vifaa 30 vinakula sekunde 1.4, kabla hujahesabu muda wa kila kimoja kutayarisha jibu lake. Sasa kizime kifaa kimoja. Mkuu anauliza, hakuna jibu. Anangoja sekunde moja nzima, kama alivyoagizwa na aliyempanga, anarudia, anarudia tena, halafu ndipo anakata tamaa. Mzunguko uliokuwa wa sekunde 1.4 umekuwa wa zaidi ya sekunde 4. Maiti mmoja anagharimu muda kuliko walio hai wote. Nimewasikia mafundi wakilaumu kebo, umeme wa msingi, hata mvua, kumbe mita moja tu imezimwa na bado jina lake liko kwenye orodha.

Modbus haina nia ya kuondoka. Iko ndani ya mita za umeme, jenereta za hoteli na inveta za sola zinazofungwa juu ya mapaa ya Dar es Salaam na Nairobi, na mara nyingi inapita juu ya waya wa kiwango cha RS-485 kilichotoka mwaka 1983. Kero yake moja ningependa niiseme hapa kwa niaba ya waliokesha kwa ajili yake: nyaya mbili za RS-485 huandikwa A na B, lakini watengenezaji hawajawahi kukubaliana ipi ni A. Ukinunua mita ya kampuni moja na inveta ya nyingine, unaunganisha A kwa A kama mtu mwenye akili timamu, na hakuna kinachozungumza. Geuza nyaya, jaribu tena.

Udhaifu mkubwa zaidi wa mkuu mmoja ni kwamba akianguka, wote wanakuwa bubu. Wajerumani walijaribu kulitibu hilo. Mwaka 1987 kampuni na taasisi 21 za Ujerumani zilianza mradi uliozaa PROFIBUS, yenye ile kebo ya zambarau. Humo wakuu wanaweza kuwa kadhaa. Kati yao huzunguka tokeni, ambayo si kitu cha kushikwa mkononi bali ni ujumbe mfupi wenye maana moja: sasa ni wewe. Mwenye tokeni huwauliza watumishi wake mmoja mmoja, kisha humpa tokeni mkuu wa anwani inayofuata. Asiye na tokeni hufunga mdomo.

Uzuri umo katika mambo madogo. Kila mkuu hupima muda uliopita tangu alipopokea tokeni mara ya mwisho hadi imrudie, na kuulinganisha na muda uliopangwa wa mzunguko mzima. Ikirudi mapema, ana nafasi ya kufanya kazi nyingi. Ikirudi imechelewa, anaruhusiwa kutuma ujumbe mmoja tu wa dharura, kisha aiachie. Hivyo uchelewaji hauwezi kulimbikizana bila kikomo. Mara kwa mara pia mkuu hupiga hodi kwenye anwani zilizo wazi kati yake na jirani yake, aone kama kuna mgeni aliyeunganishwa karibuni, na akimkuta humwingiza katika mzunguko. Tokeni ikipotea kwa sababu mwenye nayo amezimika, wengine husikia kimya kisicho cha kawaida na mmoja wao huitengeneza upya. Mwenye anwani ndogo ndiye anayewahi, kwa kuwa muda wake wa kungoja ni mfupi zaidi.

Watumishi nao wana ulinzi wao. Kila mmoja ana saa ndani yake. Asipoulizwa na mkuu kwa muda uliowekwa, anahesabu kwamba ameachwa na kujirudisha katika hali salama: vali inafungwa, mota inasimama. Kwa kasi ya juu kabisa ya PROFIBUS, megabiti 12 kwa sekunde, mkuu anaweza kuzunguka watumishi 32 wenye data kidogo kwa kama milisekunde moja. Kasi hiyo ina bei: kipande cha kebo kisizidi mita 100. Ukitaka mita 1,200 bila kuongeza vifaa vya kurudia mawimbi, shuka hadi kilobiti 93.75.

Na ncha mbili za kebo lazima zizibwe kwa resista, la sivyo mawimbi yanagonga mwisho na kurudi kama mwangwi, yakichafua ujumbe unaofuata. Resista hizo zimo ndani ya plagi za kuunganishia, zenye kiswichi kidogo. Mtu akikiwasha kiswichi hicho katikati ya laini kwa bahati mbaya, vifaa vyote vilivyo mbele yake vinakatwa mara moja, maana plagi imejengwa kuamini kwamba hapo ndipo mwisho. Kiswichi kisichozidi ukucha kinaweza kusimamisha nusu ya mtambo.

Wafaransa hawakukubaliana na habari za tokeni. Mfumo wao, FIP, ulimweka msuluhishi mmoja wa waya, lakini msuluhishi huyo hataji kifaa, anataja kipimo. Akisema "joto la boila," chenye kipimo hicho hukitangaza, na kila anayekihitaji anakichukua kwa wakati uleule. Maabara ya CERN, mpakani mwa Uswisi na Ufaransa, iliutumia mfumo huo kwa wingi katika mashine yake kubwa ya LHC. Wamarekani na wenzao waliokuja na FOUNDATION Fieldbus walichanganya vyote viwili: kifaa kimoja hushika ratiba ya vipimo vya lazima, kila kimoja kwa sekunde yake, na katika mapengo yanayobaki hugawa tokeni kwa wenye mambo yasiyo ya haraka. Mwenye ratiba huyo anaweza kuwa vali iliyoko uwanjani. Akifa, mwingine mwenye uwezo huo anachukua usukani.

Jitihada za kupata kiwango kimoja cha dunia, zilizoanza mwaka 1985, ziligeuka kuwa ugomvi uliodumu karibu miaka 15. Kiwango cha IEC 61158 kilipopatikana mwishoni mwa karne, kilikuwa na aina nane zisizoelewana, zote zikiitwa kiwango. Leo zimezidi ishirini. Wapo wanaouona huo kuwa uroho wa makampuni, na uroho ulikuwapo, lakini tofauti ya msingi ilikuwa ya kweli: huwezi kumgawanya mgawa zamu ili awaridhishe wanaotaka mmoja na wanaotaka wengi.

Kuna njia moja isiyo na mwenyekiti wala tokeni, na kwa maoni yangu ndiyo iliyobuniwa kwa werevu kuliko zote. Kampuni ya Bosch ya Ujerumani ilianza kuitafuta mwaka 1983, timu ikiongozwa na Uwe Kiencke, na ikaionyesha hadharani mjini Detroit Februari 1986 kwa jina la CAN. Ilikusudiwa magari, kisha ikaingia viwandani kwa majina ya CANopen na DeviceNet, katika lifti, mashine za nguo na mikono ya roboti.

CAN inaruhusu mgongano, kisha inaugeuza kuwa upimaji wa nani mkubwa. Kwenye waya wake, biti ya 0 ina nguvu na biti ya 1 ni dhaifu: yeyote akiandika 0, waya mzima ni 0, hata kama wengine wote wameandika 1. Kila ujumbe unaanza na namba yake ya biti 11. Kila kifaa kinapoandika, kinasikiliza pia waya unasemaje. Kikiandika 1 na kusikia 0, kinajua kuna mwenye haki zaidi, na kinanyamaza palepale.

Chukua vifaa vitatu vinavyoanza kwa pamoja, vyenye namba 100, 108 na 612. Kwa biti ni 00001100100, 00001101100 na 01001100100. Biti ya kwanza wote wameandika 0. Ya pili, 612 ameandika 1, waya unasema 0; ananyamaza. Wawili waliobaki wanakwenda sambamba, kila mmoja akidhani yuko peke yake, hadi biti ya nane: 108 anaandika 1, anasikia 0, anaacha. 100 anaendelea mpaka mwisho. Hakuna biti yake hata moja iliyoharibika, hakuna muda uliopotea, wala yeye mwenyewe hajui kwamba palikuwa na shindano. Walioshindwa wanajaribu tena ujumbe wake ukiisha.

Ndiyo sababu waya wa CAN ni mfupi. Ili mchezo huu ufanye kazi, biti moja lazima ifike ncha ya mbali na jibu lake lirudi kabla haijaisha. Kwa megabiti 1 kwa sekunde, biti inadumu mikrosekunde moja tu, nayo mawimbi hutumia kama nanosekunde 5 kwa kila mita ya waya, mbali na ucheleweshaji wa vifaa vyenyewe. Mita 40 ndiyo mipaka. Punguza kasi hadi kilobiti 125, unapata mita 500.

Mwaka 1991 Mercedes-Benz S-Class iliingia barabarani ikiwa na CAN, na leo fundi umeme wa magari wa Gerezani jijini Dar es Salaam au Grogan jijini Nairobi, hata asipolitumia jina hilo, anaigusa kila siku. Kwenye soketi ya uchunguzi iliyo chini ya usukani, tundu namba 6 na namba 14 ndizo nyaya mbili za CAN. Gari likiwa limezimwa, mita iwekwe kati yake isome karibu omu 60, yaani resista mbili za omu 120, moja kila ncha. Ikisoma 120, ncha moja imekatika. Ikisoma karibu na 0, nyaya zimegusana mahali fulani.

Bei ya werevu huu analipa mdogo. Mwenye namba kubwa anaweza kungoja na kungoja endapo wenye namba ndogo hawamalizi maneno, kwa hiyo wabunifu huacha sehemu nzuri ya muda wa waya ikiwa tupu kwa makusudi. Kifaa chenye hitilafu kinajihukumu chenyewe: kila kosa la kutuma linaongeza pointi 8, kila ujumbe uliofika salama unapunguza 1, na pointi zikipita 255 kinajitoa kwenye waya. Nidhamu nzuri sana. Lakini inamkamata anayekosea. Haimkamati anayesema uongo kwa ufasaha. Ujumbe wa CAN una namba ya habari, hauna jina la msemaji. Mwaka 2023 watafiti wa usalama walieleza hadharani jinsi wezi nchini Uingereza walivyokuwa wakizifikia nyaya za taa ya mbele ya Toyota RAV4, kuchomeka kifaa chao, na kuliambia gari kwamba ufunguo halali upo. Gari liliamini. Halikuwa na sababu ya kutoamini.

Viwandani, tukio lililofichua udhaifu huohuo lilipita katika PROFIBUS. Kirusi cha kompyuta kiitwacho Stuxnet, kilichogunduliwa mwaka 2010, kilitafuta PLC za Siemens zenye moduli ya PROFIBUS ya aina moja tu. Kilipoipata, kilisoma namba za utambulisho ambazo shirika la PROFIBUS humpa kila mtengenezaji kwa kila aina ya kifaa, kikitafuta vidhibiti kasi vya mota vya kampuni mbili: Vacon ya Finland na Fararo Paya ya Iran. Kilikaa kimya karibu wiki mbili kikisikiliza maswali na majibu, kikihakikisha mota zinazunguka kati ya hezi 807 na 1,210, kasi ya mashinepewa za kurutubisha urani. Kisha kwa sauti ya mkuu kikaamuru hezi 1,410, baadaye hezi 2, baadaye 1,064. Wachunguzi wengi wanaamini shabaha ilikuwa kituo cha Natanz, Iran.

Tazama kilichotokea kwa jicho la mtandao wenyewe. Hakuna mgongano, hakuna tokeni iliyopotea, hakuna mtumishi aliyezungumza kabla ya zamu yake. Kila saa ya usalama ilitulia kwa kuwa mkuu aliuliza kwa wakati. Utaratibu wa zamu ulifanya kazi yake yote kikamilifu, na mashine zikavunjika.

Siku hizi Ethernet imehamia viwandani, na kwa sehemu kubwa imelikwepa swali la zamu kwa kumpa kila kifaa waya wake hadi kwenye swichi, foleni ikapangwa humo ndani. Kampuni ya Beckhoff ya Ujerumani ilikwenda njia nyingine mwaka 2003: katika EtherCAT yake ujumbe mmoja hupita ndani ya vifaa vyote mfululizo, na kila kifaa hunyofoa biti zake na kuweka nyingine huku ujumbe ukiendelea na safari.

Hata hivyo kuna mahali ambapo kuvuta waya kwa kila sensa bado ni ghali mno, kama ndani ya kabati la umeme au mlango wa gari. Kwa ajili ya hapo, mwishoni mwa 2019 shirika la IEEE lilipitisha aina ya Ethernet ya jozi moja ya nyaya, megabiti 10, mita 25, vifaa 8 au zaidi kwenye waya uleule. Vifaa hivyo vinapewa namba. Namba 0 hutoa ishara ya kuanza mzunguko, kisha kila mmoja anapata nafasi yake kwa mpangilio. Asiye na la kusema anapitwa ndani ya mikrosekunde chache. Ni zamu, safi kabisa, ndani ya Ethernet. Na namba 0 ikizimika, waliobaki wanarudia utaratibu wa Metcalfe: sikiliza, jaribu, ukigongana subiri kwa kubahatisha.